Chiriku Walipita, Baba Akanyamaza

Kisiwani, Uholanzi

Kwa mama yangu mzazi, Majoreni.

Assalaam aleikum warahmatullah. Shikamoo mama. Naishika mikono yako yote miwili na kuibusu, nikiomba barua hii ikukute ukiwa mzima wa mwili, hata kama moyo bado haujatulia. Goti la kushoto lasemaje? Na Mwanamisi dadangu, vumbi hili la kaskazi halijamwamshia pumu yake? Yule mbuzi wa pembe moja, bado anaingia jikoni kama mwenye nyumba? Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi imenifanya kichekesho. Navaa soksi mbili mbili hata ndani ya nyumba, na ungeniona ungecheka kwanza ndipo ukanionea huruma.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua na simu ipo. Mama, haya sikuweza kuyasema kwa simu. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza bei ya samaki. Sasa Bi Zuhura, yule muuguzi wa Msambweni anayefanya kazi huku, anakuja nyumbani likizo, na ameniahidi kwamba atakutia barua hii mkononi mwenyewe. Ndani ya bahasha mna kadi ndogo ya sauti, nimeifunga katika kipande cha leso yako ya zamani. Usiiguse mpaka umalize kusoma. Najua unasoma polepole, kidole chini ya mstari, jinsi mlivyofundishwa kule ngumbaru, na hivyo ndivyo nitakavyo. Soma mwenyewe, Mwanamisi asikusomee. Mengine yaliyomo humu ni aibu yangu, na ningependa uyajue wewe kabla ya mtu mwingine.

Siku ya arobaini ya baba, baada ya watu kumaliza hitima na kutawanyika, ulinipigia simu. Ulisema, "Salimu, wewe ndiye mwenye mashine za sauti. Nitafutie sauti ya baba yako. Ule ukelele wake wa shambani nimeanza kuusahau." Nikajibu kwamba nitakutumia. Tangu siku hiyo nimekuwa nakukwepa. Ukipiga nasema niko kazini, ukituma ujumbe nasema mtandao umeharibika. Mtandao haukuwa na neno lolote. Ni mimi niliyekuwa sina cha kutuma, na sababu ya kutokuwa nacho nimeifanya kwa mkono wangu.

Niwie radhi nianze mbali kidogo.

Kazi yangu unaijua kwa jina, lakini sidhani kama niliwahi kukueleza vizuri, na nasikia Mwanamisi huwaambia majirani kwamba nafuga ndege. Sifugi hata kifaranga. Kisiwa hiki ni mchanga na nyasi tu, na kila mwaka baridi ikianza kuingia, ndege wadogo hutoka nchi za kaskazini zaidi wakapita juu yetu kwenda kutafuta joto. Wengi wao ni jamaa za chiriku wetu. Hupita asubuhi, juu sana, wengine juu ya ukungu kabisa, hata macho hayawapati. Lakini kila mmoja akiwa angani hutoa kilio kifupi. Si wimbo, ni neno moja tu la kuwaambia wenzake kwamba yupo. Kuna mmoja husema "yup" kwa sauti ya chini. Kuna mwingine hulia kwa pua, kama mtu mwenye mafua. Na yupo mdogo wao wa manjano, ambaye kilio chake hupanda mwishoni kama mtu anayeuliza jambo asilotaka kujibiwa. Huyo ndiye anayenitia simanzi kuliko wote.

Juu ya paa la kituo tumeweka kinasa sauti ndani ya ndoo, mdomo wake umetazama juu. Hunasa tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Kisha mimi huketi mbele ya kompyuta, nayo huchora kila sauti kwa mstari mdogo, nami husikiliza na kuandika: huyu ni chiriku wa aina hii, wale ni wa aina ile, walipita wangapi. Mashine nayo hujaribu kuwataja, lakini hukosea sana. Mvua ikigonga ndoo, husema ni chiriku. Ndiyo maana wananihitaji.

Baba nilipomweleza haya mara ya kwanza, alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Hiyo ni kuamia tu, mwanangu. Wamekuongezea koti." Na alisema kweli. Unakumbuka jinsi alivyokuwa akinichukua bondeni kuwafukuza ndege, mpunga ukianza kutia maziwa, nikiwa sijaanza hata shule? Tulipanda juu ya dungu, lile jukwaa la miti, yeye akajilaza chali, kofia juu ya macho, nikadhani amekuja kulala. Kumbe alikuwa anaamia kwa masikio. Atasema, "Hao ni chiriku, watatu, waache, wana safari yao." Nami natazama juu nawaona, watatu kweli. Baada ya muda atasema, "Sasa hao ni kwelea, simama." Mimi sijasikia kitu. Basi hunyanyuka, akapiga ule ukelele, na kwelea waliokuwa bado mbali wakakata kona kama waliopigwa kibao. Teo ya kurushia mawe aliibeba lakini sikumwona akiitumia. Sauti yake ilitosha. Ndiyo maana wenye mashamba wote wa bonde lile walimwachia yeye dungu la katikati awaamie, miaka na miaka, na watu wakaliita bonde la Mzee Omari ilhali majaruba yake mwenyewe yalikuwa mawili tu.

Masikio haya niliyatoa pale. Nilipokuwa Diani nikiwatembeza wageni misituni, niliwatajia ndege kabla hawajawaona, wakadhani nina uganga. Mmoja wa wageni hao alikuwa Anneke, mama mtu mzima ambaye sasa ndiye mkubwa wangu hapa kituoni. Yeye ndiye aliyeniita. Kwa hiyo mama, nikisema kwamba mkate ninaoula huku baba ndiye aliyeukata, sijasema la kupamba.

Basi baba akataka kunisaidia kazi. Nilikuwa nimemwambia kwamba Anneke angependa kusikia chiriku wa kwetu wanavyolia wakiwa angani, tuwalinganishe na hawa wa huku. Nilisema tu kwa mazungumzo. Siku ya pili nikapata sauti kutoka simu yake, ameirekodi akiwa juu ya dungu. Lakini alikuwa amesema mwanzo hadi mwisho. "Salimu mwanangu, sasa hivi anapita chiriku, huyo, umemsikia? Hapana, huyo ni mbuzi wa Kassimu. Ngoja. Huyo sasa." Dakika tano nzima namna hiyo. Ndege mwenyewe alisikika mara moja, na baba alikuwa akikohoa juu yake. Zilikuja nyingine nne za namna ile ile. Nilicheka, nikazifuta. Mama, nilizifuta. Ningejua ningezificha chini ya mto.

Kisha nikampigia. Maneno niliyomwambia nayakumbuka yote, kwa hiyo nayaandika kama yalivyo. Nilisema, "Baba, ukiwa unarekodi usiseme kitu. Sauti yako inaharibu." Halafu akasema, "Kweli, mwanangu. Nisamehe." Mtu mzima, baba yangu aliyenizaa, ananiomba mimi msamaha kwa sababu ya chiriku. Nami nikasema si neno, kama vile kweli alikuwa amenikosea. Mimi niliyelelewa Majoreni, nisiyeweza kupita mbele ya mkubwa bila kuinama, nilimwambia baba yangu anyamaze, na nikaenda kula chakula changu cha mchana.

Sijitetei, lakini nikueleze jinsi mkono wangu ulivyozoeshwa. Hapa ni sheria kwamba kinasa chetu kikichukua sauti ya mpita njia asiyejua kwamba ananaswa, lazima tuifute. Kwa hiyo kila siku kazi ya kwanza ni kuondoa watu. Kwenye kompyuta sauti ya mtu inajulikana kwa kuitazama tu, doa zito chini ya mistari myembamba ya ndege. Ukiona doa, unakata. Huhitaji hata kusikiliza. Miaka minne nimefanya hivyo, na sasa mkono hukata kabla akili haijauliza.

Baba alitii. Kutoka siku ile sauti zake zikawa safi, ndege watupu. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakuweza kuliacha. Kila aliposhika kazi, kubwa au ndogo, alianza na Bismillahi, na kila alipoanza kurekodi alisema Bismillahi kwa sauti ndogo ndipo akanyamaza. Nami kila nilipoipokea niliihamishia kwenye kompyuta, nikaliona lile doa mwanzoni, nikalikata. Zote, mama. Nimezihesabu majuzi: thelathini na moja. Nilihifadhi ndege na kutupa Bismillahi za baba.

Sasa nije kwenye mpunga. Msimu uliopita ulinieleza kwa uchungu kwamba kwelea wamewamaliza, si nyinyi tu bali bonde zima, na kwamba baba siku hizi analala juu ya dungu. Ulisema ulimuuliza, naye akakiri mwenyewe kwamba usingizi ulimchukua. Ukasema wenye mashamba wamekaa kikao, wakamwondolea dungu kwa heshima, wakampa kijana wa watu mwenye filimbi. Nakumbuka ulivyosema, "Nimeona aibu, Salimu, nimemsema sana." Na mimi nilifanya nini? Nikampigia kumtania. Nikamwambia baba umezeeka, kwelea wanakula mbele ya pua yako. Akacheka. Akasema, "Ndio hivyo, mwanangu, uzee." Hakujitetea hata kwa neno moja. Akaniuliza tu kama zile sauti za mwisho zilifaa. Nikamjibu zilifaa sana.

Baada ya miezi miwili akafariki.

Ile asubuhi Mwanamisi aliponipigia, nilikuwa juu ya paa, kando ya ndoo, nafuta umande kwenye kinasa. Chiriku walikuwa wakipita wengi kuliko siku zote za mwaka. Aliniambia kwamba baba alisali alfajiri, akajilaza, hakuamka tena, na kwamba mazishi ni baada ya adhuhuri. Nilijua papo hapo kwamba siwezi kufika. Hata ningekuwa na mabawa nisingefika. Nikakaa pale pale juu ya bati baridi nikalia. Anneke alinisikia, akapanda ngazi, akaniletea koti, akakaa kando yangu bila kusema kitu. Hadi leo namshukuru kwa hilo.

Jioni sikuweza kukaa chumbani peke yangu, nikaenda kazini. Nilifikiri nikishika kazi nitapumua. Nikafungua sauti za asubuhi ile ile, nikaanza kuwahesabu chiriku, na katikati nikakuta doa kubwa la sauti ya mtu, pana, limefunika ndege. Mkono ukakata. Nilipokwisha kukata ndipo nikatambua kwamba mtu yule alikuwa mimi. Nilijifuta mwenyewe nikimlilia baba yangu, mama, na kwenye daftari nikaandika chiriku wangapi walipita.

Kwa hiyo uliponiomba sauti yake siku ya arobaini, nilikuwa najua nilichokifanya. Lakini nilitafuta kwanza. Simu yangu ya zamani, iliyokuwa na zile sauti zisizokatwa, ilikuwa imetumbukia majini gatini mwezi mmoja kabla, na mazungumzo yote yakaenda nayo. Nikamwambia Mwanamisi aitazame simu ya baba. Akaniambia simu na kanzu na viatu alipewa mwosha maiti, kama ilivyo ada, na mwosha alikwisha kuipeleka Lunga Lunga kwa fundi ikafutwa kila kilichokuwamo. Simlaumu. Alimwosha baba yangu, na mimi sikuwepo hata kumshikia maji.

Nikabaki na zile thelathini na moja. Nilizisikiliza zote usiku na mchana kutafuta pumzi, kikohozi, hata dungu likilia chini ya uzito wake. Nilikuwa nimezisafisha vizuri. Mimi ni fundi mzuri sana wa kazi yangu. Hamkuwa na mtu.

Sasa ni kipindi ambacho ndege hawapiti, na Anneke aliniagiza nipitie kabrasha la takataka kwenye kompyuta tulifute lote kwa pamoja. Humo tunatupa sauti zisizofaa. Nilikuwa nimebakisha chache, nimeshaweka kidole tayari, nikaona jina nililoliandika mwenyewe: "Majoreni, haifai." Nikasimama. Ni sauti moja ya baba ambayo sikuikata. Siku ile niliitazama tu, nikaona madoa ya watu sehemu kubwa ya mwisho, nikaitupa nzima bila kuisikiliza. Uvivu wangu ndio ulioiokoa.

Ina dakika kumi na moja. Nitakueleza yaliyomo kabla hujayasikia, kwa sababu sitaki yakuvamie.

Mwanzo ni Bismillahi. Kisha kimya. Wanapita chiriku, wawili, wazuri kabisa. Kisha kwa mbali naanza kuwasikia kwelea. Masikio yangu mimi yaliwasikia, kwa hiyo yake yalikuwa yamewasikia kabla. Wanakaribia. Nikawa nangoja anyanyuke, apige ukelele. Hakunyanyuka. Wakashuka kwenye mpunga, mama, unasikia kabisa mabua yanavyochakarika na midomo yao ikivunja punje, chini ya dungu, hapo hapo. Na baba amenyamaza.

Halafu unasikia sauti ya Mzee Kassimu, wa jaruba la pili, akiita kutoka mbali: "Omari! We Omari! Ndege!" Kimya. Anaita tena. Kimya. Halafu miguu yake kwenye maji, inakaribia, naye anauliza chini ya dungu, "Umelala?"

Baba anamjibu kwa mnong'ono. "Nanasa sauti za Salimu. Hataki mtu aseme."

"Na mpunga?"

"Mpunga tutapanda mwingine."

Wanakaa kimya wote wawili, wazee wazima, kwelea wakila. Mwisho baba anasema, "Basi, nimezima." Lakini hakuwa amezima. Unamjua na simu, alibonyeza pasipo penyewe. Na hapo hapo, mama, anapiga ule ukelele. Wote, tangu chini mpaka juu, na pale katikati unapokatika, na kikohozi chake mwishoni. Kwelea wanaruka wote kwa mara moja. Nilikuwa na vidude vya masikioni na nikaruka na mimi.

Baada ya hapo Mzee Kassimu anasema, "Mamake Salimu atakuuliza mpunga umekwenda wapi." Na baba anasema, "Mwambie nililala. Akijua atamgombeza mtoto, na mtoto yuko peke yake huko." Anamwapisha. Kisha sauti inakatika.

Nilipomaliza kusikiliza nilirudi kwenye zile thelathini na moja. Safari hii sikumtafuta baba, niliwatafuta kwelea. Wamo, mama. Katika nyingi wamo, chini ya chiriku, wanakula bila mtu kuwafukuza, asubuhi baada ya asubuhi. Nilikuwa nimewasikia zamani na kuona ni bahati njema. Nilimwandikia baba, "Leo umenipatia na kwelea, safi sana, endelea." Naye akaendelea. Akaendelea mpaka bonde likaliwa, mpaka wakamvua dungu alilokalia maisha yake yote, mpaka wewe ukamnunia na mimi nikamcheka. Na hakusema kitu, kwa sababu nilimwambia asiseme.

Nilitaka kuikata. Nakuambia kweli. Nilifikiri nikutumie ukelele peke yake, kama ulivyoomba, upate faraja yako, na haya mengine nife nayo. Kwa sababu najua ukisikia alivyosema juu yako utakumbuka siku zile ulizomsema, na uko edani, na una machungu ya kutosha. Mkono ulikuwa umeshafika penye kukata. Nikauondoa. Nimekata vya kutosha, mama. Kadi ina dakika zote kumi na moja, kama alivyozirekodi.

Kwa hiyo kama kuna wa kugombezwa, ni mimi, na safari hii hakuna wa kunikinga. Nigombeze. Usijigombeze wewe hata kidogo. Uliuliza ukajibiwa, na aliyekujibu alikusudia usijue. Wala usimkasirikie Mzee Kassimu, alishika kiapo cha rafiki yake, na Mwanamisi aliniambia kwamba siku ya mazishi alilia kuliko jamaa. Sasa najua alikuwa analia na nini. Mfungulie huo mzigo, mwambie nimejua na nimemshukuru.

Juu ya wale wenye mashamba, uamuzi ni wako. Eda yako ikiisha, inshallah, mtasoma dua na watakuja. Ukiona inafaa, waache wasikilize. Sitaki wamwombe radhi mtu, wala sitaki dungu lirudishwe, kijana wa filimbi aendelee na kazi yake. Nataka tu jina la baba lisibaki na usingizi ambao hakuulala. Lakini ukiona ni sauti yako peke yako, kaa nayo, nami sitauliza.

Nisalimie Mwanamisi, na umwambie pumu isimfanye ajione mgonjwa, aendelee na ushoni wake. Nisalimie ami Rashidi, ndugu yake baba, aliyesimama mahali pangu kaburini. Mwambie deni hilo la kusimama sina namna ya kulilipa ila dua. Nisalimie mjomba wangu wa Mkwiro na shangazi Nimwaka, aliyekaa nawe siku zote saba. Mzee Kassimu mpe mkono wangu wa kulia. Anneke naye anakusalimu; nilimsikilizisha kadi, na ingawa hajui neno la Kiswahili, ukelele ulipofika alifunika uso.

Sasa ichukue kadi. Itie kwenye ile redio ndogo ambayo baba alikuwa akisikilizia mawaidha, tundu liko ubavuni. Humo mna sauti moja tu, hutapotea. Baada ya Bismillahi utaona kimya kirefu, utadhani imeharibika au haina kitu. Usiizime, mama, ngoja. Kimya kile ndicho baba. Hakulala hata kidogo.

Ni mimi mwanao niliyemnyamazisha, ninayengoja radhi zako,

Salimu Omari